Kutembea na Watoto Kisiwa cha Crescent, Naivasha: Mwongozo Kamili wa Familia

Mtoto aliyemwona twiga kupitia dirisha la basi la shule bado hajajua urefu wa twiga. Ataujua siku atakaposimama kwa miguu yake kwenye nyasi zile zile, bila kioo wala mlango kati yao, akainua kichwa mpaka kofia ikaanguka. Katika kaunti ya Nakuru, mahali pa kumpa siku hiyo ni Kisiwa cha Crescent, ndani ya Ziwa Naivasha.

Wengi huuliza kwa nini wasiende tu Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyo karibu zaidi na mji wa Nakuru. Nendeni, ni mbuga nzuri, lakini kule kuna simba, nyati na vifaru, kwa hiyo siku yote mtaipitisha garini isipokuwa pale panaporuhusiwa kushuka. Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, inaruhusu miguu na baiskeli, ila umbali ni mrefu kwa miguu midogo, jua halina huruma, na lile korongo lake liliwahi kupitiwa na mafuriko ya ghafla yaliyoua watu Septemba 2019. Kama mna mtoto wa chini ya miaka kumi, au mna nyanya anayetaka kwenda na wajukuu, anzeni na Crescent. Simba hawapo, tembo hawapo, na sehemu kubwa ya njia ni nyasi tambarare. Mnyama wa kuogopa yupo mmoja, kiboko, naye anaishi ukingoni mwa maji. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa umepangwa kumzunguka yeye na upepo wa mchana.

Ni kisiwa au ni rasi?

Hutegemea mwaka. Crescent ni ukingo wa kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano ya zamani. Upande mmoja wa ukingo huo umezama na upande mwingine umebaki juu ya maji, umejipinda mfano wa mwezi mwandamo. Ghuba iliyo ndani ya pindo hilo ndiyo sehemu yenye kina kirefu kuliko zote za ziwa.

Ziwa Naivasha hulishwa hasa na mito ya Malewa na Gilgil, na halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupotea kwa mvuke na kwa kupenya chini, ndiyo maana hayana chumvi ilhali majirani zake, Elmenteita na Nakuru, ni ya magadi. Ziwa la namna hii hupanda na kushuka sana. Mwaka 2009 lilikauka kiasi cha kutisha. Mwaka 2020 lilifurika mpaka likaingia kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Maji yakishuka, Crescent huungana na nchi kavu ikawa rasi, na watu huingia kwa miguu au kwa gari kupitia Sanctuary Farm, kando ya Moi South Lake Road. Maji yakipanda, panabaki kisiwa na njia ni boti. Mwongozo huu unachukulia kwamba mtavuka kwa boti. Hata hivyo, pigeni simu siku mbili kabla muulize hali ya maji.

Siku na saa

Saa ni muhimu kuliko siku. Asubuhi ziwa hutulia. Kuanzia adhuhuri upepo huamka, na kufikia saa nane au saa tisa mawimbi yanaweza kuwa ya kumtia mtoto hofu, na mtu mzima pia. Muwe botini kufikia saa mbili asubuhi, saa tatu ikichelewa sana, na muwe mmerudi bara kabla ya saa saba. Hamtapoteza kitu, kwa sababu wanyama nao huwa wepesi kuonekana asubuhi. Jua likishika, twiga hujibanza vivulini na watoto huanza kununa.

Januari, Februari, na kipindi cha Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu. Likizo ya Agosti inafaa kabisa, ingawa asubuhi zake ni za baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka Kisumu au Busia hushtuka akishuka kwenye matatu. Likizo ya Aprili huangukia masika. Si kwamba haiwezekani kwenda, ila nyasi zinakuwa ndefu na zimelowa, na mvua ikiwakuta katikati ya kisiwa hakuna pa kujificha. Msijikinge chini ya mti wakati wa radi.

Kufika

Kutoka Nakuru mjini ni kama kilomita 70 kwa barabara kuu ya Nairobi, kupitia Gilgil. Pandeni matatu inayoishia Naivasha. Zile za kwenda Nairobi moja kwa moja hupita nje ya mji, na mnaweza kujikuta mmeshushwa kando ya barabara kuu na mizigo na watoto. Mkiwa mjini Naivasha, kuna matatu za Moi South Lake Road zinazopita Karagita, ambako kuna ufuo wa umma wenye boti za kukodi. Hoteli nyingi za barabara hiyo nazo zina gati zao na boti zao, kwa bei ya juu kidogo, lakini na choo safi, jambo ambalo mwenye watoto wadogo hulipa kwa furaha. Wanaotoka Kisumu, Kakamega au Eldoret walale Naivasha usiku wa kuamkia safari. Kusafiri alfajiri yote halafu kutembea kwa muda wa saa tatu juani ni kuwatesa watoto.

Boti na jaketi

Bei ya boti huwa ya boti nzima, si ya kichwa, kwa hiyo familia mbili zikichangia hupunguziana gharama. Kabla hamjapanda, ulizeni mambo manne na mjibiwe waziwazi. Bei ni ya kwenda na kurudi? Kapteni atawasubiri au ataondoka arudi? Kiingilio cha kisiwa kimo ndani au ni pembeni? Mara nyingi huwa ni pembeni, na hutofautiana kati ya raia, mgeni na mtoto, kwa hiyo beba kitambulisho. Swali la nne ni saa ya kurudi. Chukua namba ya simu ya kapteni, na mkubaliane mlipe nusu mkishuka kisiwani na nusu mkirudishwa.

Sasa jaketi la kuokoa maisha. Hapa sina mjadala na mtu. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha shika jaketi kwenye mabega uliinue juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa na majini litamtoka. Omba dogo zaidi. Kama hakuna la kipimo chake, tafuteni boti nyingine, na kama hakuna boti yenye jaketi la mtoto, msivuke siku hiyo. Kapteni akikuambia "mama, hapa ni karibu tu, hakuna shida," mshukuru, kisha shuka.

Mama mwenye mtoto mchanga asimfunge mgongoni kwa leso akiwa botini. Boti ikipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni hawezi kutolewa haraka. Mfungue, mvalishe jaketi lake, mpakate. Leso itafanya kazi mkishafika nchi kavu.

Botini watoto wakae katikati, mikono ndani. Njiani mtapita kwenye migunga iliyozamishwa na ziwa lilipopanda, mikavu, matawi meupe kwa kinyesi cha mnandi. Ndege hao hutua juu yake wakatandaza mbawa zikauke, kwa kuwa manyoya ya mnandi hulowa anapopiga mbizi. Punguzeni mwendo hapo. Mwari huelea karibu, na mkibahatika mtamsikia furukombe kabla hamjamwona.

Kapteni anaweza kutaka kuwaonyesha mchezo wa furukombe: hupiga mluzi, akarusha samaki aliyechomekwa kipande cha funjo ili aelee, na ndege hushuka kumnyakua. Ni picha nzuri. Mimi hukataa, kwa adabu, kwa sababu ndege huyo ana ziwa zima la kuvua na hana haja ya kufundishwa kufuata injini za boti. Tena msimwombe kapteni asogee karibu na viboko "kidogo tu, watoto waone". Anayesema hapana ndiye kapteni wa kurudi kwake mwaka ujao.

Vya kubeba

Viatu vilivyofungwa, vyenye soli nene, kwa kila mtu. Miiba ya mgunga hupenya malapa bila kusita, na mtoto aliyechomwa unyayo mwanzoni mwa safari atabebwa mpaka mwisho. Suruali ndefu na soksi kwa ajili ya kupe. Kofia. Sweta ya asubuhi, ya kufunga kiunoni baadaye. Maji, angalau lita moja kwa kila mtu, kwenye chupa za kutumika tena, maana plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini tangu Juni 2020. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Kibano cha kutolea miiba. Darubini, kama mna ya kuazima.

Acheni nyumbani mpira, spika ya muziki, na mbwa.

Njia yenyewe

Mkishuka kwenye boti, ondokeni ukingoni mara moja. Malizeni shughuli za choo na malipo mapokezi, na chukueni mwelekezi. Yeye ndiye aliyepita hapo jana na anajua kiboko gani amezoea kulala wapi. Kisha pangeni mstari: mwelekezi mbele, watoto katikati, mtu mzima mmoja nyuma. Watoto wakubwa wapewe wadogo wa kuwashika mkono. Mkikubaliana mapema kwamba neno "simama" linasimamisha kila mtu papo hapo, mtakuwa mmeshamaliza nusu ya usalama wenu.

Sehemu ya kwanza ni uwanda wa nyasi fupi. Hapo ndipo walipo pundamilia, nyumbu na swala, na mara nyingi twiga pembeni ya migunga. Wafundisheni watoto kumkaribia mnyama kwa mshazari, kana kwamba mnapita njia yenu, si kumwendea moja kwa moja. Mwangalieni kichwa. Akiendelea kula, mko sawa. Akiinua kichwa na kuelekeza masikio kwenu, simameni. Akiacha kula na kuanza kusogea, mmekaribia mno, rudini hatua kadhaa. Hii ndiyo sheria ninayopenda kuliko zote, kwa sababu mtoto wa miaka mitano anaielewa na anaweza kuisimamia mwenyewe. Mara utamsikia akimnong'oneza baba yake, "Baba, ameacha kula."

Twiga mpeni nafasi ya hatua thelathini, na zaidi akiwa na ndama. Ni mpole, lakini teke lake laweza kuua simba. Kuro, swala mkubwa wa kando ya maji, mtamjua kwa weupe wa matakoni na kwa harufu ya mafuta yake, ambayo upepo ukiwa wenu mtaisikia kabla ya kumwona. Dume lake lina pembe ndefu na halipendi kuzuiwa njia ya maji.

Msiharakishe hapa. Familia nyingi hukimbilia kilimani zikidhani safari ni kufika juu. Kaeni chini kwenye nyasi dakika kumi, kimya. Wanyama watawazoea na kuendelea na shughuli zao, na hapo ndipo watoto huanza kuona mambo: ndege juu ya mgongo wa pundamilia, ulimi wa twiga, mweusi na mrefu, ukizunguka tawi la mgunga na kuchuna majani bila kuguswa na mwiba.

Kwenye njia, wapeni kazi ya kusoma mavi. Watacheka mwanzoni, kisha watakuwa makini kuliko ninyi. Ya twiga ni vidonge vidogo, mnyama mkubwa hivyo! Ya pundamilia yanafanana na ya punda. Ya kiboko hayakai rundo: yeye huyatawanya kwa mkia, yakarushiwa vichakani kimo cha goti la mtu mzima. Mtoto atakayekuonyesha kichaka kilichopakwa hivyo amekuonyesha njia ya kiboko, na hapo msipumzike.

Mtaona pia vipande vya jiwe jeusi vinavyong'aa. Ni obsidiani, kioo cha volkano. Wafugaji wa kale waliishi hapa, na wanaakiolojia wamechimba na kukuta zana zao. Kishikeni kipande, kitazameni kwenye jua muone ukingo wake ulivyo mwembamba, halafu kirudisheni pale pale. Kinakata, kwa hiyo asikishike mdogo kabisa.

Sehemu ya pili ni kupanda mgongo wa kisiwa. Si mlima, ila kwa kimo hiki cha nchi mtoto atahema. Pandeni kwa zigizaga, mkisimama kila anapotaka. Juu ndipo utakapoelewa umbo la mahali: pembe mbili za ukingo, na katikati maji yenye rangi nzito kuliko ziwa lililobaki. Upande wa kusini mashariki ni Mlima Longonot, mita 2,776, ambao nao ni volkano, na juu yake kuna shimo lake ambalo kutoka hapa halionekani. Mkitaka kula, kuleni hapa juu, si ufukoni, hata kama ufuko una kivuli kizuri zaidi. Huku mnaona kinachokuja kutoka kila upande. Maganda ya mayai na ya ndizi rudisheni kwenye mkoba. Msimpe mnyama chakula, hata kipande cha chapati.

Kwenye mawe na vichaka vya mteremko mikono isiingie mashimoni. Chatu wapo kisiwani. Hawatafuti watu, lakini hawapendi kushikwa.

Kushuka, rudini kwa nyasi za juu badala ya kufuata maji. Mzunguko wote, pamoja na kupumzika, huchukua saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa mtoto. Mdogo akichoka mapema, geukeni. Uwanda peke yake unatosha safari.

Kuhusu kiboko

Usiku kiboko hutoka majini kula nyasi, kilo 40 hivi, na alfajiri hurudi kwa njia ile ile. Dume huzidi kilo 1,500, na kwa masafa mafupi anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa. Hakuna mzazi mwenye mtoto mkononi atakayeshindana naye. Anayeua watu mara nyingi ni yule aliyekutwa nchi kavu, akamkuta mtu amesimama kati yake na maji. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hili alipokuwa akipiga picha.

Kwa hiyo msitembee kwenye ukanda wa mafunjo, na msipite njia nyembamba inayoingia ndani ya vichaka vya ukingoni. Mkimwona nchi kavu, msipige kelele na msimrushie kitu. Rudini nyuma polepole, mkimwachia njia ya kwenda majini iwe wazi kabisa. Akifungua kinywa wazi, hapigi miayo, anawaonya. Akiwajia, watupeni watoto juu ya mti au nyuma ya shina nene. Mkoba na simu viacheni vianguke.

Mkiwa majini naye yuko majini, kazi hiyo ni ya kapteni. Kazi yenu ni kunyamaza na kukaa.

Wazee na watoto wachanga

Gari la mtoto la magurudumu halifai, nyasi na mashimo vitalishinda. Leso inafaa. Mzee anayetembea kwa mkongojo atafurahia uwanda na si lazima apande. Aachwe na mtu, kivulini, mahali pa wazi, mbali na maji. Shida yake kubwa itakuwa kupanda na kushuka kwenye boti, basi muulizeni kapteni mapema kama gati lina ngazi.

Mkirudi

Mkifika bara mapema, samaki wa kukaanga hupatikana Karagita. Ziwa hili lina perege na kapu. Kapu ana miiba mingi midogo, mchambulieni mtoto vizuri au mwagizieni perege. Matatu za kurudi Nakuru zipo mchana kutwa, lakini Jumapili jioni barabara kuu hufurika magari ya wanaorudi Nairobi na nauli hupanda, kwa hiyo ondokeni kabla ya saa kumi.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, wavueni watoto nguo zote mkague kupe: nyuma ya magoti, kwenye kinena, makwapani, nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumsokota, kisha osha kwa sabuni. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Mtoto akipata homa au upele ndani ya wiki mbili zinazofuata, mpeleke hospitali na umwambie daktari kwamba alitembea kwenye nyasi za wanyama pori.